Uso wa Kagwe

Jumatatu asubuhi kompyuta ya Tahir ilikataa kumfungua Kagwe.

Kagwe mwenyewe alikuwa mochari, akisubiri kuzikwa Alhamisi. Kilichokataa kufunguka ni uso wake, ambao Mishi, mke wa Tahir, alikuwa ameushughulikia Ijumaa kutwa katika studio yao ya picha nyuma ya soko la Thika. Mishi alibonyeza faili, skrini ikamletea kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza. Akabonyeza tena, kisanduku kikarudi vilevile. Leseni ya zamani haitumiki tena, kilisema, na mteja anaombwa amwone wakala wake ajiandikishe upya.

Akamwita mumewe. Tahir aliweka chini kamera aliyokuwa akiipangusa, akaja, akasoma akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Nilijua watafanya hivi," alisema, kana kwamba kujua ndiyo dawa.

Mishi akamkumbusha kwamba yeye pia alijua, na kwamba mwezi mzima alikuwa akimsihi walipe kwanza, wagombane baadaye. Tahir alirudi kwenye kamera yake. Lenzi ilikuwa imeshang'aa lakini aliendelea kuipangusa.

Programu yenyewe iliitwa Fotomasta. Tahir aliinunua mwaka wa tisini na sita kwa bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na kijana mchangamfu aliyemuuzia, Philip, alimkabidhi diski pamoja na kifunguo cha plastiki cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Bila kifunguo, programu haiendi. Ukiwa nacho, Philip alisema, ni yako mpaka uzeeke. Halafu kampuni iliyoitengeneza huko ng'ambo ikanunuliwa na kampuni nyingine, na hao wenye mali wapya wakaona mteja anayelipa mara moja ni hasara. Ikatoka amri kwamba kuanzia Agosti ya mwaka huu wa tisini na tisa, kila mwenye kifunguo atalipa kila mwaka, kama mpangaji. Atakayekataa, kifunguo chake kitakufa. Na hapa ndipo ninaposhikwa na hasira mimi mwenyewe, kwa sababu kifo hicho waliletewa mkononi. Mapema mwaka huo Philip aliwapa diski ya kuboresha programu, bure, na Mishi akaiingiza kwenye kompyuta huku akimwombea dua. Tarehe ya kufunga ilikuwa ndani ya zawadi hiyo.

Tahir aliipinga amri hiyo kila mahali alipopata wa kumsikiliza. Kwenye ngazi za msikiti, kwenye kibanda cha chai, kwa kinyozi. Nikinunua sufuria, alikuwa akisema, aliyeniuzia anakuja kila Agosti nimlipe ndipo nipike? Watu walicheka, wakampa haki. Hata mimi nampa haki. Lakini katika kelele zote hizo hakuna aliyemuuliza kilicho ndani ya sufuria ni cha nani.

Sasa kilichokuwa ndani kilikuwa cha Waithira.

Waithira alikuwa mwanamke wa Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, kibarua wa kupalilia mananasi, mjane. Mwanawe wa kwanza, Kagwe, aliangukiwa na mawe machimboni. Ijumaa alikuja studio na kipande cha marehemu, kile kitambulisho, kwa sababu picha iliyokuwa juu yake ndiyo picha pekee ya Kagwe iliyobaki duniani. Nyingine ziliungua mwaka uliotangulia, moto ulipokula safu yao nzima ya nyumba. Kipande kilipona kwa kuwa kilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mwenyewe. Alitaka picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Hawakuwa na shamba la kuzikia, alisema, kwa hivyo Kagwe alikuwa anaenda makaburi ya kanjo, yale ya baraza la mji, kule kule wanakotupwa waliookotwa barabarani.

"Nataka watu waone huyu ana kwao," alimwambia Mishi. "Asiende bila uso kama mtu wa kuokotwa."

Mishi akaipitisha picha kwenye skana, akakaa nayo mpaka jioni akifuta muhuri wa serikali uliokuwa umekatiza kidevu. Wino wa printa ulikuwa ukielekea kwisha, na Tahir akasema wangoje Jumatatu wachape kwa wino mpya, kazi itoke safi. Mishi akahifadhi faili kwa namna ya Fotomasta, isiyosomwa na programu nyingine, kama alivyohifadhi picha zote, kwa kuwa ilizibana zikawa ndogo na kompyuta yao haikuwa na nafasi. Waithira naye alichukua kipande akakipeleka kwa chifu, maana kibali cha kuzika hakitoki mpaka kipande cha marehemu kirudishwe serikalini. Kila mtu alifanya lililo sawa. Jumapili ikaingia Agosti.

*

Waithira alifika kabla ya saa nne, amejifunga leso nyeusi, pamoja na mwanawe wa pili, Wanyoike, kijana wa miaka kumi na saba ambaye alikuwa bado hajachukua kipande chake. Wanyoike alikuwa amebeba gazeti la kufungia picha. Tahir aliwaona wakivuka barabara, na kabla Mishi hajafungua kinywa akamtangulia mlangoni.

Aliwaambia kwamba wino umechelewa kutoka Nairobi. Wakija kesho watapata. Alisema hayo akitabasamu tabasamu la kibiashara, akampa Wanyoike kiti, akauliza habari za matayarisho, akatoa mchango wake wa matanga papo hapo, noti iliyokunjwa. Waithira aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Akauliza kama anaweza kumwona kidogo tu kwenye ile mashini, si lazima karatasi.

"Mashini imezimwa, Mama Kagwe," Tahir alisema. "Kesho."

Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma ya pazia. Mishi, aliyekuwa huko nyuma, alijikuta ameweka kiganja juu yake kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

Walipoondoka, Tahir alimtuma mtu kwa chifu kuulizia kipande. Jibu likarudi kwamba vipande vya marehemu vilishafungwa vikapelekwa makao makuu, na huko hakuna anayetafuta. Ndipo akaenda kwenye kibanda cha simu akampigia Philip. Mishi alisimama nje ya kibanda akisikiliza upande mmoja. Alisikia mumewe akianza kwa salamu nzuri, kisha akieleza habari ya msiba, kisha akiomba afunguliwe faili moja tu, moja, halafu wafunge tena wakitaka. Kisha akasikia sauti ikipanda. Alisikia sufuria. Sarafu ziliisha akiwa bado katikati ya sentensi, akabaki ameshika mkono wa simu, watu watatu kwenye foleni wakimtazama.

"Ati nilipe mwaka mzima," alisema alipotoka. "Kwa uso mmoja."

"Tulipe," Mishi akasema.

"Nikilipa leo nitalipa mpaka nife. Na nikifa utalipa wewe."

Mishi alimwambia kwamba Waithira hajui mambo ya leseni na wala hapaswi kuyajua. Tahir akakubali kwamba ni kweli. Lakini alikuwa ameshawatangazia Thika nzima kwamba hatalipa, na mwanamume akishajifunga kwa mdomo wake mwenyewe, kumfungua ni kazi. Badala ya kulipa akaenda kwa Ali, rafiki yake mwenye ofisi ya kupiga chapa, mtu anayejua kila kitu nusu. Ali akacheka akasema hilo ni jambo dogo sana. Kompyuta haina kalenda ya ukutani, inaamini unachoiambia. Rudisha tarehe nyuma iwe Julai, itadhani leseni bado.

Mishi hakutaka. Alimwambia mumewe wamuulize kwanza Philip. Tahir akauvuta mkono wake kutoka kwenye kibao cha herufi, si kwa nguvu, akaandika Julai mwenyewe. Akaiwasha Fotomasta. Ilifikiri kwa muda, taa ya kifunguo ikamulika, na kwa kitambo kidogo walimwona Kagwe: paji la uso, nyusi, mwanzo wa macho, akijichora kutoka juu kwenda chini kama kawaida ya picha kubwa. Alipofika kwenye pua akakatika. Kikaja kisanduku kipya, chekundu safari hii. Tarehe imechezewa, kilisema. Kifunguo hiki kimefungwa moja kwa moja.

Tahir akakichomoa kifunguo, akakipuliza vumbi, akakirudisha. Akafanya hivyo tena na tena. Mishi alienda kuketi kwenye benchi la wateja akaufunika uso wake na mtandio.

*

Jumanne Mishi alienda Ruiru bila kumuaga mumewe. Kwenye mkoba alikuwa na karo ya binti yao Farhiya ya muhula wa tatu. Philip hakuwa tena na ofisi Nairobi. Sasa alikuwa akifanyia kazi nyumbani, mtaa wa Membley, katika nyumba mpya zilizozungushiwa ua, na pale getini bawabu alimtazama Mishi kuanzia viatu.

"Kama ni kazi ya kufua, hiyo nyumba wamepata mtu," bawabu alisema.

Mishi akasema amekuja kwa biashara. Bawabu akasema angoje. Akangoja juani, magari yakipita, kila likipita bawabu akimwashiria asogee kando asije akachafuka, ingawa aliyekuwa akichafuka ni yeye na aliyechafua ni gari. Hatimaye akaruhusiwa.

Philip alimpokea akiwa na kaptura. Ule uchangamfu wa kuuzia diski ulikuwa umemtoka. Sebuleni kulikuwa na makasha ya bidhaa yaliyopangwa mpaka dirishani, na mkewe, akipita na mtoto mgongoni, hakusalimia mtu. Mishi akaweka pesa mezani, akasema hataki ubishi, anataka tu picha ya marehemu kabla ya Alhamisi.

Philip hakuzigusa. Alieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kwamba jana ingekuwa rahisi. Jana angempa namba za kuandika kwenye kisanduku cha kijivu na kazi ingeendelea. Leo alikuwa ameamka kutazama, akaona ujumbe kwenye faksi kuhusu vifunguo vya wateja wanaojaribu mbinu. Kisha akamuuliza, bila ukali, kama kuna mtu aliyegusa tarehe.

Mishi angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka na uongo wa jana.

"Baba Farhiya aliirudisha Julai," alisema.

"Basi mmenimaliza, mama. Hiyo siwezi kufungua hapa. Lazima kifunguo kingine kitoke huko kwao, kwa posta."

"Kitafika lini?"

"Mwezi huu, kama watatuma. Si Alhamisi."

Mishi akamwambia kwamba huyo ni mtoto wa mtu. Hakupandisha sauti. Akamwambia kwamba wao hawakuiba, walinunua, na yeye Philip aliwaangalia machoni akasema ni yao. Philip akakuna goti. Alikubali yote. Alisema wateja wanampigia kutoka Nyeri mpaka Machakos wakimtukana, mwingine alitishia kumletea polisi, na yeye hata kompyuta yake ya maonyesho imefungwa kwa sababu hajalipa.

"Zamani nilikuwa nauza," alisema. "Siku hizi nakusanya tu. Nikikosa kukusanya, watapata mwingine."

Akachukua pesa, akaandika risiti ya kifunguo kipya, na akamsindikiza mpaka getini ili bawabu asimsumbue. Hiyo ilikuwa heshima, na Mishi aliijua kuwa ni heshima, lakini haikumsaidia.

*

Jioni hiyo walienda Kiandutu wote wawili. Mbele ya chumba cha Waithira watu wa matanga walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, na Wanyoike alikuwa akiwapitishia chai. Waithira alipowaona akainuka, macho yakienda moja kwa moja kwenye mikono yao. Mikono ilikuwa mitupu. Akawaongoza nyuma ya nyumba, penye uchochoro na maji machafu.

Ni Mishi aliyesema. Alieleza polepole, akiacha maneno ya kompyuta, kwamba picha imo ndani na imefungwa, na mwenye kufunga yuko ng'ambo, na ufunguo utakuja baada ya mazishi. Hakumtaja mumewe. Tahir akajitaja mwenyewe, nampa sifa kwa hilo. Alisema yeye ndiye aliyekataa kulipa, na yeye ndiye aliyeiharibu zaidi, na wino haukuchelewa popote.

Waithira alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mko naye na hamko naye," alisema.

"Ndiyo, Mama Kagwe."

"Na mimi nilipeana kipande kwa chifu. Si ningekaa nacho. Ningewaambia kimepotea."

Alianza kujilaumu hivyo, yeye ambaye hakuwa na kosa hata moja, na Tahir akashindwa kuvumilia. Akasema kwa haraka kwamba anaweza kuja mochari na kamera kesho, ampige picha marehemu akiwa amevalishwa, bila malipo. Waithira akatikisa kichwa. Mawe yalimwangukia usoni, alisema. Alimtambua kwa miguu.

Kutoka mbele ya nyumba walisikia watu wakianza wimbo wa kanisa, na vikombe vikikusanywa. Wanyoike alipita uchochoroni na sufuria ya chai, akawatazama, akaendelea. Mama yake akamfuata kwa macho.

"Wanafanana," Waithira alisema. "Watu wengi walikuwa wanawachanganya."

Mishi alielewa kabla ya Tahir. "Huyo ni mzima, mama."

"Naona ni mzima. Ni mimi nilimzaa." Alijifunga leso upya, kwa nguvu, kama anayejiandaa kubeba mzigo. "Mfanyie picha. Avae koti la Kagwe. Watu wakiona kwa mbali wataona Kagwe."

Tahir angeweza kukataa. Alijua ni jambo lisilofaa, kwa imani yake na kwa imani yao, na Mishi alikuwa amemshika kiwiko akikibana. Lakini lilikuwa jambo alilokuwa na uwezo wa kulifanya, kwa kamera yake, kwa filamu yake, kwa mikono yake, bila kuomba ruhusa kwa mtu wa ng'ambo, na baada ya siku mbili za kutoweza lolote moyo wake ulilikimbilia. Akasema sawa. Kesho asubuhi.

*

Wanyoike alikuja Jumatano amevaa koti. Lilimpwaya mabegani. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, na yeye hakusema kwamba hataki. Aliketi kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, mikono mapajani. Tahir akawasha taa, akatazama kwenye kamera, akasema ainue kidevu. Waithira akasema hapana, Kagwe alikuwa anainamisha kichwa kidogo, upande. Akaenda akakishika kichwa cha mwanawe kwa viganja viwili, akakiweka alipotaka kikae, akarudi nyuma kutazama.

"Maitu," Wanyoike alimwambia mama yake bila kusogeza kichwa, "na mimi nikikufa mtatumia ya nani?"

Mishi alitoka nje. Na uso wa kijana, wakati akingoja jibu, ulitulia ukawa uso wa mtu aliye mbali sana, uso hasa wa kubebwa mbele ya jeneza, na Tahir ambaye alikuwa mpiga picha mzuri aliuona akabonyeza. Alijichukia baadaye kwa kuuona. Jioni picha ilikuwa tayari, kubwa, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu yenye kioo na utepe mweusi pembeni. Haikupita kwenye kompyuta hata kidogo.

Alhamisi msafara ulitoka mochari kwa miguu kuelekea makaburini. Msichana wa ukoo aitwaye Ngina alitangulia na picha, akiwa ameishikilia kifuani. Nyuma yake jeneza, na kwenye pembe ya mbele ya jeneza, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwao, Wanyoike. Alitembea akitazama kisogo cha Ngina. Waliosimama kando ya barabara waliona picha ikipita, kisha wakaona uso uleule ukifuata umebeba jeneza.

Kwa mbali, Waithira alikuwa amesema. Lakini makaburini watu hawakai mbali. Picha iliwekwa juu ya jeneza na watu wakapanga mstari kutoa heshima. Mzee mmoja wa machimboni, aliyemfundisha Kagwe kushika nyundo, aliinama kuitazama, akainua kichwa akamwona Wanyoike amesimama hatua moja tu kutoka hapo, akatazama tena picha. Mkono aliokuwa ameunyoosha kumpa kijana pole aliurudisha mfukoni, akazunguka kaburi akasimama upande wa pili. Waliokuwa nyuma yake waliona. Waliofuata, mmoja mmoja, walimpa pole Waithira na kumkwepa mtoto wake. Mchungaji alisoma haraka. Jeneza liliposhushwa Wanyoike alishika kamba, na mtu fulani akamnong'onezea aachie, awaachie wengine, asijishushe mwenyewe kaburini.

Tahir na Mishi walisimama karibu na ua. Mishi alilia wazi. Tahir aliangalia viatu vyake mpaka udongo ukaisha.

*

Maneno yalifika sokoni kabla yao. Studio ya Tahir ni ile wanamompiga picha mtu angali mzima wakamzika. Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kuja, wa harusi kwanza, kisha wa paspoti, wakivuka barabara kwenda kwa mwingine. Kwa kinyozi hawakumuuliza tena habari za sufuria, naye hakuzitaja. Alikuwa na haki siku ile na ana haki hata leo. Farhiya alikaa nyumbani wiki mbili za mwanzo wa muhula, mpaka shangazi yake alipojazia karo, na kila asubuhi aliuliza kwa nini, na kila asubuhi baba yake alikunywa chai akatoka.

Kifunguo kipya kilikuja Septemba, ndani ya bahasha yenye pamba, pamoja na karatasi ya kuwashukuru kwa kuwa wateja waaminifu. Mishi alikichomeka peke yake. Fotomasta ikafunguka kana kwamba hakujatokea kitu. Akamfungua Kagwe, naye akajichora kutoka juu kwenda chini, paji, nyusi, macho, pua, mdomo, na kidevu kisafi pale palipokuwa na muhuri. Tahir alikuja akasimama nyuma ya kiti. Kagwe alikuwa na uso mpana, jicho moja dogo kuliko lingine, na mdomo ulioonekana umezuia kicheko mbele ya mpiga picha wa serikali.

"Hawafanani," Tahir alisema.

Mishi akasema hapana, hawafanani.

Akachapa picha, akaitia fremu nzuri kuliko zote za dukani, akaenda Kiandutu peke yake mchana. Waithira alikuwa ametoka kwenye mananasi, mikono imejaa mikwaruzo. Alipoifunua picha aliketi chini sakafuni. Aliitazama kwa muda mrefu, akakigusa kioo pale kwenye jicho dogo.

"Ni yeye," alisema. Kisha akasema tena kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo, si kwa Mishi.

Alipoinuka aliiondoa ile nyingine msumarini akaitundika ya Kagwe mahali pake. Akabaki ameshika ile ya mazishi, hajui aiweke wapi. Alisema Wanyoike halali hapa tangu siku ile. Analala kwenye nyumba inayojengwa Ruiru, mahali anafanya kibarua, na siku akija husimama mlangoni, huacha unga na sukari hapo, hukataa kuingia.

"Nenda nayo, Mama Farhiya," alisema. "Kuchoma siwezi, ni mtoto wangu. Lakini haiwezi kukaa hapa."

Mishi aliifunga kwenye leso yake. Alipokaribia barabara kuu alimwona Wanyoike akija, viatu vyeupe kwa simiti, mkononi mfuko wa unga. Kijana akasimama. Leso haikuweza kuficha umbo la fremu.

"Ni ile?" aliuliza.

Mishi akasema ni ile, na kwamba anaenda kuiharibu pamoja na negativu yake, asiwe na wasiwasi, hakuna atakayeiona tena.

Wanyoike akaweka unga chini akanyoosha mkono. Mishi akasita, kisha akampa. Kijana akaufungua mzigo, akaanza kung'oa ule utepe mweusi kwa ukucha, pembe moja, halafu nyingine, bila haraka, mpaka fremu ikabaki tupu. Akafuta kioo kwa mkono wa shati, akajitazama.

"Usiharibu," alisema. "Zile zingine zote ziliungua. Sina picha ingine yangu."

Akamwomba Mishi ampelekee mama yake unga. Kisha akaitia picha kwapani, uso ukiangalia ndani, akageuka akarudi njia ya Ruiru.